Katibu anasema alituma, mwanachama anasema hakupata

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kitaaluma, tukiwa bado kwenye yatokanayo, mzee mmoja wa safu ya mbele alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba mwongozo wako. Mimi ni mwanachama hai, ada nimelipa, lakini habari za mkutano huu nimezisikia jana usiku kwa jirani yangu. Taarifa sikupata." Katibu akasimama, akafungua kompyuta, akasoma: barua pepe ilitumwa siku 21 kabla, saa 4:12 asubuhi, kwa wanachama wote, na jina la mzee limo. Ukumbi ukagawanyika. Walioketi nyuma wakaguna, wa mbele wakasema wanachama hawasomi barua pepe, na ajenda ya bajeti ikala nusu saa ikisubiri watu watulie.

Barua ile niliituma mimi, maana nilikuwa katibu msaidizi. Wakati wa chai nilimfuata mzee, nikamwamkia, nikamwomba tuangalie simu yake pamoja. Kwenye kikasha hakukuwa na kitu. Tukafungua folda ya barua taka, na pale, katikati ya bahati nasibu za Ulaya na dawa za kupunguza kitambi, ilikuwepo taarifa yetu ya mkutano mkuu, yenye nembo ya chama, haijafunguliwa. Matangazo yetu ya miezi ya nyuma hayakuonekana tena, kwa sababu Gmail hufuta vilivyomo kwenye folda hiyo baada ya siku 30.

Kwa hiyo katibu alisema kweli, na mzee alisema kweli. Tangu siku hiyo nikisikia kiongozi wa chama anasema "tulituma", huwa namuuliza: mlituma mpaka wapi?

Waliowahi kufanya kazi ofisini zamani wanamkumbuka tarishi na daftari lake. Anafika mapokezi, anakabidhi bahasha, dada wa mapokezi anasaini, tarishi anaondoka. Sahihi ile inathibitisha kwamba bahasha imeingia mlangoni. Haisemi kama ilipanda ghorofani, ilikaa mezani kwa bosi, au ilifungiwa maandazi. Barua pepe inakwenda kwa utaratibu huo huo. Seva ya mtumaji, yaani kompyuta inayoshughulikia barua zake, inafika kwenye seva ya mpokeaji, inajitambulisha, inataja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kisha inakabidhi mzigo. Mzigo ukipokelewa, jibu ni namba: 250. Hiyo ndiyo sahihi ya mapokezi. Programu ya kutuma barua kwa wingi inapokuonyesha kwamba karibu barua zote "zimefika", inahesabu hizo sahihi tu. Ile ya mzee wetu, iliyokuwa imelala kwenye taka, ilihesabiwa kuwa imefika.

Mzigo ukikataliwa, namba nyingine inarudi, na inafaa kuzielewa mbili tatu. Jibu linaloanza na 5 ni la moja kwa moja: 550 5.1.1 maana yake mtu huyo hayupo hapa, usirudi. Linaloanza na 4 ni la muda: njoo baadaye. Sababu moja ya kuambiwa hivyo ni sanduku kujaa, na kwa wanachama wetu hili lina chanzo chake. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 za pamoja kwa barua, picha na mafaili, na tangu 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android nazo zinakula humo humo. Daktari au mhandisi mwenye magrupu 40 ya harusi, misiba na watoto wa shule anaweza kujaza sanduku lake bila kupokea barua hata moja ndefu. Seva yako itamrudia tena na tena, kwa kawaida siku 4 au 5, kisha itakata tamaa na kukurudishia ripoti.

Ripoti hizo zinamfikia nani? Ulizeni kwenye vyama vyenu. Kwetu zilikuwa zinakwenda kwenye anwani ambayo nywila yake alibaki nayo mhazini aliyemaliza muda wake. Miaka miwili ya majibu ya "hayupo hapa" ilikuwa imerundikana bila mtu kuisoma.

Daftari kwanza

Nilipopata ile nywila na kuzipitia, niligundua kwamba sehemu kubwa ya matatizo yetu haikuhitaji mtaalamu wa kompyuta. Ilihitaji mtu mwenye subira na simu. Orodha yetu ilikuwa jedwali la Excel lililorithiwa na makatibu watatu, kila mmoja akiwa ameongeza safu zake. Kulikuwa na anwani zinazoishia na gmail.con na yaho.com. Kulikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa anwani, haionekani kwa macho lakini inatosha kuiharibu. Kulikuwa na watu wawili waliokaa kwenye seli moja, wakitenganishwa na mkwaju. Kulikuwa na marehemu, na hilo linauma, kwa sababu mjane anapopokea ukumbusho wa ada ya mumewe, chama kimeshindwa kwenye jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulitetea.

Kundi kubwa zaidi lilikuwa la anwani za kazini. Mtu anajiunga na chama akiwa ameajiriwa, anaandika anwani ya mwajiri kwa sababu ndiyo inayoonekana ya heshima kwenye fomu. Anahama, anastaafu, au kampuni inafungwa. Anwani inakufa, yeye anabaki mwanachama. Kwa vyama vya kitaaluma tatizo hili ni zito kuliko kwa duka la viatu, kwa sababu uanachama wetu unadumu kuliko ajira. Fomu ya kujiunga inapaswa kuomba anwani binafsi, na namba ya uanachama ndiyo iwe ufunguo wa daftari. Anwani ya barua pepe ni kitu cha kubadilika, kama nyumba ya kupanga.

Kuna watu wanaosema, ziacheni tu zile anwani mbovu, hazina madhara, barua zitarudi zenyewe. Zina madhara. Gmail, Yahoo na wenzao wanaangalia unavyotuma. Anayegonga milango ya watu wasiokuwepo kila mwezi anafanana na mtu aliyenunua orodha mitaani, maana wauza matangazo haramu ndivyo wanavyofanya. Tena baadhi ya watoa huduma huchukua anwani zilizokufa muda mrefu na kuzigeuza mitego: haina mwenyewe, haijajiandikisha popote, kwa hiyo anayeiandikia anajulikana kwamba hatunzi orodha yake. Kwa bei ya kumwandikia mtu aliyehama miaka 6 iliyopita, unapunguza nafasi ya aliyeko kupata barua yake.

Bahasha, kichwa cha barua na muhuri

Sasa ile barua ya mzee. Anwani yake ilikuwa sahihi, sanduku halikujaa, mapokezi yalisaini. Kwa nini ilitupwa kwenye taka?

Kanuni ya kupeleka barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na maabara chache ambazo watu wake walijuana. Kanuni ile haikuwa na njia ya kuhakiki mtumaji. Yeyote angeweza kuandika juu ya barua kwamba inatoka kwa rais wa chama chako, na seva ikapokea. Kila kitu kilichofuata baadaye ni viraka vilivyoshonwa juu ya uwazi huo, na viraka vitatu ndivyo vinavyowachanganya makatibu wengi kwa sababu vyote vinaitwa kwa herufi: SPF, DKIM na DMARC.

Rudi kwenye bahasha ya karatasi. Nje kuna anwani ya kurudishia barua ikishindikana, ndani kuna karatasi yenye kichwa cha ofisi. Barua pepe nayo ina vitu hivyo viwili: anwani ya bahasha, ambayo msomaji haioni, na anwani inayoonekana kwenye sehemu ya "Kutoka". Zinaweza zisifanane. SPF ni orodha unayoibandika hadharani kwenye kikoa chako, yaani lile jina linaloishia na .or.tz au .or.ke, ikisema: matarishi wangu ni hawa. Seva ya mpokeaji inalinganisha tarishi aliyesimama mlangoni na orodha ya kikoa kilichoandikwa kwenye bahasha. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye barua yenyewe kwa ufunguo ulio nao wewe tu. Mtu akibadilisha maneno njiani, muhuri unaharibika. DMARC inakuja kuuliza swali ambalo hizo mbili hazikuuliza: je, tarishi huyu au muhuri huu ni wa nyumba ile ile iliyoandikwa kwenye kichwa cha barua? Kisha inamwambia mpokeaji afanye nini jibu likiwa hapana: aangalie tu, aweke pembeni, au akatae.

Kwetu kosa lilikuwa dogo la kuchekesha. Miaka mitatu kabla, kijana aliyetutengenezea tovuti aliweka rekodi ya SPF iliyoitaja seva ya tovuti. Baadaye tukajiunga na huduma ya kutuma barua kwa wingi, na kijana mwingine akaambiwa na maelezo ya huduma hiyo aweke rekodi ya SPF. Akaiweka. Ya pili. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, seva ya mpokeaji haichagui iliyo bora, inahesabu kwamba kuna hitilafu na zote mbili hazifai. Kila kijana alifanya kazi yake sawasawa, na kwa pamoja walituacha bila tarishi anayetambulika. DKIM haikuwa imewashwa kabisa. Marekebisho yalichukua dakika 20: kuunganisha rekodi mbili kuwa mstari mmoja, na kunakili ufunguo wa DKIM. Kumpata mwenye nywila ya kikoa kulichukua wiki tatu.

Vyama vidogo vingi havina hata kikoa. Vinatumia anwani ya bure, jina la chama ikifuatiwa na @yahoo.com au @gmail.com, kisha vinaiingiza anwani hiyo kwenye huduma ya kutuma kwa wingi. Hapo DMARC inafanya kazi dhidi yako. Yahoo iliweka amri ya "kataa" kwenye kikoa chake Aprili 2014: barua yoyote inayosema inatoka @yahoo.com na haikupitia kwao, ikataliwe. Huduma yako ya kutuma si Yahoo. Kwa macho ya seva wewe ni tapeli unayejifanya mteja wa Yahoo, hata kama anwani ni yako tangu enzi za intaneti kafe. Kikoa cha .or.tz gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko chai ya kikao kimoja cha kamati tendaji, nami sioni sababu ya chama chenye katiba na muhuri kukosa hicho.

Kikoa peke yake hakitoshi ukikiweka kwenye seva ya bei rahisi unayochangia na tovuti mamia. Mmoja wa majirani zako akidukuliwa na tovuti yake ikaanza kumwaga barua taka, anwani ya seva inaingia kwenye orodha nyeusi kama ile ya Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma barua taka, na wewe uliyelala unaamka umefungiwa. Ndiyo maana kutuma kwa wingi kunaachiwa huduma maalumu, na seva ya tovuti inabaki na kazi ya tovuti.

Watu watatu katika elfu

Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti mapya, yakaanza Februari 2024. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC zote, na barua za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Microsoft ikafuata Mei 2025 kwa masanduku yake ya Outlook na Hotmail. Makatibu wengi waliposoma "5,000" walipumua, wakaona hayawahusu. Lakini sharti lenye meno linamgusa kila mtumaji: malalamiko yasifikie asilimia 0.3, na Google inashauri yakae chini ya 0.1.

Fanya hesabu. Chama chenye wanachama 1,000 wanaotumia Gmail kinafika 0.3 kwa watu 3 tu kubofya "Ripoti barua taka". Na wanaobofya hawana ubaya na chama. Mara nyingi wanatafuta pa kujiondolea, hawapaoni, wanatumia kitufe kilicho karibu.

Ukiangalia wanabofya kwenye barua ipi, utaona ni ileile: semina ya hotelini kwa ada ya laki kadhaa, iliyotangazwa mara ya nne, au ofa ya bima kutoka kwa mdhamini. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi kwenye sekretarieti za vyama. Tunachanganya barua za aina mbili zisizopaswa kukaa kwenye gari moja. Kuna taarifa ambazo mwanachama ana haki ya kuzipata na chama kina wajibu wa kuzitoa: mkutano mkuu, uchaguzi, ada, mabadiliko ya kanuni, mashauri ya nidhamu. Na kuna matangazo. Zote zikitoka kwenye anwani moja, hasira ya bima inailipia taarifa ya uchaguzi. Mwanachama akijiondoa kwenye semina, anajikuta amejiondoa kwenye mkutano mkuu, na mwakani atasimama kuomba mwongozo wa mwenyekiti.

Tulizitenganisha: taarifa za wajibu zikapewa kikoa kidogo chake, yaani jina la ziada lililo chini ya kikoa cha chama, matangazo chake. Kwenye matangazo, kiungo cha kujiondoa kikawekwa juu, maandishi makubwa. Mhazini alilalamika kwamba tunawafukuza wateja wa semina. Ni kweli walijiondoa baadhi. Walikuwa hawaji semina hata hivyo.

Rejea kiambatisho

Sasa nifike kwenye ugonjwa wetu wenyewe, ambao sijauona ukielezwa kwenye miongozo ya wazungu. Katibu anaandika barua ya mkutano kwenye kompyuta. Anaichapa. Mwenyekiti anasaini, inagongwa muhuri. Inaskaniwa, imekaa upande kidogo, kivuli cha kidole pembeni. Inatumwa ikiwa PDF ya MB 8, na kwenye mwili wa barua pepe kuna mstari mmoja: "Wapendwa wanachama, tafadhali rejeeni kiambatisho husika." Kichwa cha barua: "TAARIFA MUHIMU!!!"

Nielewe vizuri, najua muhuri una maana gani kwetu. Barua isiyo na muhuri inaonekana ya mtaani. Lakini tazama kilichotokea. Vichujio vya barua taka vinasoma maneno, na hapa hakuna maneno isipokuwa wito wa kufungua faili, ambao ndio wito wa kila mwenye virusi. Kiambatisho kikisafirishwa kinaongezeka kwa karibu theluthi moja, hivyo MB 8 zinakuwa karibu 11, na kwa wanachama 1,400 umesukuma GB 15 kutangaza tarehe, mahali na ajenda sita. Mwanachama aliyeko Kigoma kwenye bando la siku haifungui. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, haambiwi kitu, kwa sababu picha ya barua haina maandishi. Na miezi mitatu baadaye ukitafuta neno "mkutano" kwenye kikasha chako, haitokei.

Dawa ni kuandika taarifa yenyewe kwenye mwili wa barua. Kichwa kiseme jambo: "Mkutano Mkuu, Jumamosi tarehe 14 Juni, Dodoma". Mstari wa kwanza urudie tarehe, saa na mahali, maana ndio unaoonekana kwenye simu kabla barua haijafunguliwa. Ile yenye muhuri iwekwe kwenye tovuti ya chama kwa anayeihitaji kuombea ruhusa kazini, na kiungo kiwe cha kikoa cha chama, kisifupishwe kwa huduma za kufupisha viungo, kwa sababu matapeli wamezichafua. Tena usiifanye ndefu mno: Gmail hukata barua inayozidi KB 102 za maandishi na msimbo wake, na kiungo cha kujiondoa kikiwa chini kabisa kinafichwa pamoja na mkia wake.

Nakala fiche

Bado kuna vyama vinavyotuma kwa mkono: katibu anafungua Gmail, anabandika anwani kwenye sehemu ya nakala fiche, ile Bcc, anagawa mafungu, anatuma. Akaunti ya bure inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo chama cha watu 1,400 kinapata taarifa kwa siku tatu, na wa mwisho wanalalamika kwamba wa kwanza wamependelewa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kati ya sehemu ya nakala fiche na ile ya kawaida kuna upana wa kidole.

Septemba 2021, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilituma barua pepe kwa Waafghani 245 waliokuwa wakiomba kuhamishwa baada ya Taliban kushika nchi. Anwani zote ziliwekwa kwenye sehemu inayoonekana. Watu wawili wakajibu kwa "Jibu wote", mmoja wao akataja mahali alipo. Desemba 2023 wizara ilipigwa faini ya pauni 350,000 na mamlaka ya taarifa ya nchi hiyo. Wanachama wetu hawawindwi na Taliban, lakini orodha ya waliofikishwa kamati ya nidhamu, au wanaodaiwa ada, ikionekana na watu wote inavunja jina la mtu kwenye taaluma anayoilia ugali.

Na sheria sasa zipo hapa hapa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa kusudi alilozikusanyia. Mtu aliyekupa anwani apate taarifa za taaluma yake hakukupa ili umkabidhi mdhamini wa kongamano. Ukitumia huduma ya nje ya nchi kuhifadhi orodha, na nyingi ni za nje, kumbuka kwamba usafirishaji wa taarifa kuvuka mpaka nao una masharti yake kwenye sheria hiyo hiyo.

Orodha yenyewe iwe ya kutangaza tu, mtu wa kawaida asiweze kumjibu kila mmoja. Novemba 2016 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilijikuta na barua moja ya majaribio iliyokwenda kwa wafanyakazi zaidi ya 800,000, kisha watu wakaanza kujibu wote kuomba watolewe kwenye orodha. Tunaoishi kwenye magrupu ya WhatsApp tunaujua mwenendo huo. Tofauti ni kwamba kule seva zilizidiwa.

DMARC ina faida nyingine ambayo makatibu huikumbuka baada ya hasara. Msimu wa ada ndio msimu wa matapeli: "Mhazini anawataarifu kuwa akaunti ya chama imebadilika, tumieni Lipa namba ifuatayo." Ukishahakikisha barua zako zote halali zinapita, panda polepole kutoka amri ya "angalia tu" hadi "kataa", na barua ya tapeli aliyetumia jina la kikoa chako itafia mlangoni. Haimzuii anayesajili kikoa kinachofanana na chako kwa herufi moja. Kwa huyo tumewaambia wanachama mara moja kwa mwaka, kwa sauti mkutanoni: namba ya malipo haibadilishwi kwa barua pepe, kamwe.

Takwimu za "waliofungua" usizipe uzito. Zinahesabiwa kwa kipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua ikifunguliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua vipicha hivyo yenyewe hata kama mwenye simu hajagusa barua. Ukitaka kujua nani amepata taarifa ya mkutano, weka kiungo cha kuthibitisha mahudhurio na uhesabu waliothibitisha.

Kila mwaka kuna anayesimama kupendekeza tuachane na barua pepe, twende WhatsApp. Grupu moja lina kikomo cha watu 1,024, taarifa ya uchaguzi inamezwa na "hongera sana mwenzetu" kabla ya saa ya chakula cha mchana, na anayetoka kwenye grupu kwa hasira za Jumapili anapoteza haki yake ya kutaarifiwa. Kwa ukumbusho inafaa sana. Kwa kumbukumbu ambayo kamati ya rufaa itaitaka, nabaki na barua pepe, pamoja na kifungu kwenye katiba ya chama kinachosema waziwazi taarifa inahesabiwa imetolewa lini: ikishatumwa, au ikishapokelewa. Katiba yetu ilikuwa inataja posta na kubandikwa ubaoni.

Tulipomaliza kusafisha, walibaki watu 63 ambao barua zao zilirudi kwa namba 550. Tuligawana na msichana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa ofisini, tukawapigia simu mmoja mmoja kwa wiki mbili, jioni, baada ya saa za kazi. Wengine walidhani tunadai ada na wakakata. Mmoja alikuwa Muscat, amehamia huko na mumewe, akafurahi kusikia Kiswahili cha ofisini. Tuliopata anwani zao tuliwatumia barua ya majaribio papo hapo, simu ikiwa bado sikioni, na hatukukata mpaka waseme wameiona na iko folda gani.

"Nasubiri," nilimwambia mama mmoja wa Tanga, mwanachama tangu miaka ya themanini.

"Haijaja."

"Angalia kwenye barua taka, mama."

Kimya. Kisha akacheka. "Ipo. Ipo na nyingine nne."

Nikamwelekeza kitufe cha kusema hii si taka, nikamsikia anamwita mjukuu wake aje amshikie miwani.